Neno la Siri la Bi Shamsa

Nilikwenda kwenye hitma ya Bi Shamsa nikiwa nimejitanda khanga kama wanawake wote waliokuwa pale, nikakaa mkekani karibu na mlango wa jikoni, na kwa karibu saa nzima hakuna aliyenitambua. Ndivyo nilivyotaka. Kisha binti yake mkubwa, aliyekuwa akigawa sahani za pilau, akasimama mbele yangu na kuinama anitazame vizuri. "Wewe si Neema? Neema wa kompyuta?" Nikamwambia ndiye mimi. Akaiweka sahani chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama alikuwa akikutaja mpaka mwisho. Alisema yule msichana wa Kichaga alinitaabisha mwaka mmoja kuliko wanangu walivyonitaabisha maisha yao yote." Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini pilau ile ilinishinda kumaliza. Nilirudi nyumbani na mwaka ule kichwani, na mpaka leo haujatoka. Nilipoanza kazi kwake nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikotoka na nilivyosoma hakuna haja ya kuvieleza. Inatosha kusema nilikuwa na cheti cha kompyuta, chumba cha kupanga Kariakoo, na kiburi cha mtu ambaye bado hajaharibu kitu kikubwa.

Maabara ya Bi Shamsa ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Ukipanda ngazi ulikutana na mabenchi mawili marefu yaliyojaa watu wanaosubiri majibu, kila mmoja akiangalia kwa pembe ya jicho bahasha za wenzake. Kulikuwa na imani pale mabenchini kwamba anayepewa bahasha ya kaki ana ugonjwa mbaya na anayepewa nyeupe yuko salama. Bi Shamsa alipoisikia, akaagiza bahasha zote ziwe za kaki. Wiki iliyofuata nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Shoga, siku hizi hali mbaya. Hebu ona, wote wanatoka na kaki." Nyuma ya mabenchi kulikuwa na chumba cha vipimo alichokitawala Fidelis, mtaalamu wa maabara, mtu mpole aliyekuwa akianza kila sentensi kwa "aisee." Kisha chumba cha picha za ultrasaundi, kisha ofisi ya Bi Shamsa yenye zulia na birika la kahawa, na mwisho kabisa stoo. Stoo ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Nilikaa katikati ya maboksi ya glavu na chupa za spiriti, na kompyuta kubwa ya maabara, tuliyoiita seva, ikiwa chini juu ya kreti la soda ili maji ya kudekia yasiifikie. Dirisha lilitazama uani, ambako mama mmoja alikaanga mandazi kuanzia alfajiri, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya mandazi hukumbuka kioo cheusi kilichoandikwa maneno meupe yanayoniambia kwamba nimekosea.

Bi Shamsa alikuwa amekaribia miaka sitini wakati ule. Mwembamba, mweupe wa asili ya Kiarabu, baibui lake limepigwa pasi kama sare, na miwani aliyoishusha puani alipotaka umwogope. Siku yangu ya kwanza aliniita ofisini, akafunga mlango. "Neema, mwanangu, mimi nina jambo moja tu. Nilikuwa na kazi mahali pengine zamani. Karani mmoja alisoma majibu ya mke wa mtu, akayatoa nje. Yule mwanamke alihama mji. Alihama, unanisikia? Aliuza mpaka kitanda. Hapa kwangu halitatokea." Alikuwa amesikia kwamba diski ya kompyuta inaweza kufungwa kiasi kwamba hata ukiiba mashine nzima huwezi kusoma kitu bila neno la siri. Wataalamu wa lugha wanaita usimbaji fiche. Sisi tuliita kufunga diski. "Unaweza?" akaniuliza. Nikamwambia naweza, na sikuwa nimewahi kufanya hata mara moja.

Seva ilikuwa na diski tatu. Moja ya mashine yenyewe, moja ya majibu ya vipimo, na moja ya picha za ultrasaundi. Nilizifunga zote tatu, kila moja na neno lake, na nilijivuna sana mpaka nilipoizima mashine na kuiwasha tena. Ikaniomba neno la siri la diski ya kwanza. Nikaandika. Ikakataa. Nikaandika tena, polepole, kidole kimoja kimoja, nikikitamka kila kitufe kwa sauti. Ikakataa. Siku mbili niliandika neno lile, nikalia, nikanywa chai, nikaandika tena, huku Bi Shamsa akipita mlangoni na kuuliza, "Bado?" Ukweli niliugundua kwa bahati. Neno langu lilikuwa na alama ile ya kwenye barua pepe. Kibodi yetu ilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza, lakini mashine yetu ilipowaka, kabla haijasoma mipangilio yake, ilidhani kibodi ni ya Wamarekani, na kwa Wamarekani alama ile imekaa kwenye kitufe kingine kabisa. Nilikuwa nikiandika neno sahihi na mashine ikipokea neno jingine. Siku mbili nzima! Nikitazama vijana ninaofanya nao kazi sasa, wanafunga mashine kwa robo saa huku wakisikiliza muziki, kwa sababu ndani yake kuna kipande kinachotunza ufunguo na kufungua chenyewe mashine inapowaka. Nawaonea wivu, halafu naona aibu kwa wivu wangu.

Mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Ulikatika asubuhi, ukarudi saa tano, ukakatika saa saba, na betri ya akiba iliyokuwa chini ya seva ilikuwa imekufa zamani, inapiga kelele tu. Jenereta la jengo lilichukua dakika kadhaa kuwaka, na katika dakika hizo seva ilikuwa imeshazimika. Umeme ukirudi, iliwaka yenyewe, ikafika kwenye neno la kwanza, ikasimama. Hapo ilikuwa tayari kungoja mpaka kiama. Watu wawili tu tuliruhusiwa kuyajua maneno ya siri, mimi na Bi Shamsa, na Bi Shamsa aliandika kwa kidole kimoja huku akisoma Bismillahi kabla ya kila neno, na mara nyingi alikosea la tatu na kuanza upya. Kwa hiyo ilikuwa mimi. Niliitwa nikiwa kanisani. Niliitwa nikiwa nimeshika sahani ya wali na maharage kwa mama ntilie wa mtaa wa nyuma, mkono mmoja una mchuzi. Niliitwa nikiwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nikapita Kariakoo nzima na nusu nyingine imesimama, na vijana wa mtumba wakinipigia miluzi. "Dada, umeona jini?" Nikifika, mabenchi yamejaa, watu wanajipepea kwa bahasha, Fidelis amesimama mlangoni mwa stoo. "Aisee dada Neema, fungua basi, watu wananila nyama." Nikapiga magoti mbele ya kreti la soda, nikaandika maneno matatu, nikarudi kumalizia nywele.

Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kuifanya mashine ijifungulie. Wazo lilikuwa rahisi. Mtu aandike neno moja tu, la diski ya kwanza, na ndani ya diski hiyo kuwe na mafaili mawili ya ufunguo ambayo mashine itayatumia kufungua nyingine mbili, bila kumsumbua mtu. Kuna orodha fupi ndani ya mashine inayoiambia, ukiwaka, fungua hii na hii kwa ufunguo huu. Mistari miwili. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, ikala karibu miezi miwili. Kwanza ilifunguka vizuri, nikashangilia, nikanunua mandazi ya watu wote. Kesho yake Fidelis akachomeka diski ya nje ili achukue nakala, umeme ukakatika, na mashine ilipowaka ikasema diski ya majibu haipo. Ikangoja dakika moja na nusu, kisha ikaniangusha kwenye kioo cheusi. Haipo vipi, na ninaiona kwa macho? Nilichomoa nyaya, nikachomeka, ikarudi. Wiki mbili ilikuwa hivyo, leo ipo, kesho haipo, mpaka nikaanza kuamini maneno ya mama wa mandazi, aliyeniambia kutoka uani chini kwamba chumba kile kina mambo na nitie chumvi pembeni. Kumbe nilikuwa nimeziandika diski kwa nafasi zake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mashine hugawa nafasi kwa atakayewahi kuamka. Ikija diski ngeni, wote wanahama kiti. Kila diski ina namba yake ndefu ambayo haibadiliki, na hiyo ndiyo ilitakiwa iandikwe. Ilikuwa imeelezwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo. Nilikuwa nimeuruka ukurasa huo kwa sababu ulianza na salamu na historia.

Nilipomwonyesha Bi Shamsa kwamba sasa ni neno moja tu, alishusha miwani. "Na hilo moja lazima mtu aliandike?"

"Lazima, Bi Shamsa. Likijiandika lenyewe, aliyeiba mashine naye ataandikiwa."

"Hapo sawa," akasema. "Hapo ndipo pa mwisho. Usipavuke."

"Basi tumpe Fidelis naye," nikamwambia. "Mimi siwezi kuwa hapa kila saa."

"Fidelis mtu mzuri. Yule karani naye alikuwa mtu mzuri." Akageukia birika lake la kahawa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa moja Bi Shamsa alikuwa Tanga kwenye harusi ya mpwa wake. Mimi mchana nilikwenda Kivukoni kununua samaki, kwa sababu alikuwa ametuachia ruhusa ya kupika na nilikuwa nimemwahidi Fidelis mchuzi wa changu. Pale sokoni Feri mnada ulikuwa umepamba moto, watu wanapiga kelele, na simu yangu ililia ndani ya mkoba mara kumi na moja bila mimi kuisikia. Nilipoiona nilikuwa nimeshalipia samaki. Nikachukua bodaboda, samaki mapajani, maji ya barafu yakinitiririkia mguuni. Juu ya ngazi nikakuta baba mmoja amembeba mtoto wa kike wa miaka kama minne, kichwa kimelalia begani, macho yamefumba nusu. Walikuwa wamepimwa asubuhi, wakaambiwa warudi saa sita, na daktari wao wa hospitali alikuwa akipiga simu kuulizia majibu ya damu. Majibu yalikuwa kwenye diski. Diski ilikuwa imefungwa tangu umeme ulipokatika, na Fidelis, aliyekuwa ameingiza matokeo moja kwa moja kwenye kompyuta bila kubakiza karatasi, hakuyakumbuka kwa uhakika na hakuthubutu kubahatisha. Alikuwa amemchoma mtoto sindano ya pili ili apime upya. Nilipita bila kusalimia, nikapiga magoti, nikaandika neno. Nyuma yangu yule baba alisimama mlangoni mwa stoo. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. "Dada," alisema, "majibu ya mwanangu mnayafungia ya nini? Ni dhahabu?"

Mtoto alipona, baba yake alirudi baada ya wiki kuchukua risiti, na binti yake alikuwa akiruka ngazi. Lakini mimi sikuweza tena. Jumamosi ile, maabara ikiwa imefungwa mapema, nilichukua flashi ndogo, nikaweka ndani yake ufunguo wa diski ya kwanza, nikaielekeza mashine kwamba ikiwaka iutafute humo kabla ya kumuuliza mtu. Nilijiambia flashi nitakaa nayo mimi mkobani, na itachomekwa pale tu inapohitajika. Nikaijaribu. Mashine ikawaka kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, diski ya kwanza, ya majibu, ya picha, zote zikafunguka kama milango ya nyumba yenye upepo. Nilikaa juu ya boksi la glavu nikaitazama na machozi yakanitoka kwa raha. Jumatatu umeme ulikatika mara nne. Nikaiacha flashi mahali pake, nyuma ya seva, nikaifunika kwa utepe mweusi isionekane. Bi Shamsa aliporudi kutoka Tanga alishangaa. "Mbona siku hizi haisumbui?" Nikamwambia nimeirekebisha. Akanipa pakiti ya halua. Miezi mitatu nilikula raha ile. Nilisuka nywele kichwa kizima. Niliimba kwaya bila kutazama simu. Fidelis aliniambia, "Aisee, wewe fundi," na sikumwambia hata yeye.

Wezi waliingia Jumapili mchana, kwa ngazi, kupitia dirisha la uani, wakati mama wa mandazi hayupo. Tuliona Jumatatu asubuhi. Wavu wa dirisha ulikuwa umekatwa vizuri kama karatasi, na kreti la soda lilikuwa tupu. Walichukua darubini moja, feni mbili, na seva. Askari alikuja na daftari lake, akaandika vitu vilivyopotea. Bi Shamsa alisimama katikati ya stoo, mkono kifuani, akageuka kwangu. "Neema. Zile diski zimefungwa?"

"Zimefungwa, Bi Shamsa."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka. "Hayo mengine ni vyuma."

Sikusema uongo kwa maneno. Zilikuwa zimefungwa, na ufunguo ulikuwa umechomekwa nyuma yake chini ya utepe mweusi. Nimeurudia mara nyingi ule muda mfupi kati ya swali na jibu, na nimejaribu kukumbuka kama nilifikiri. Sidhani kama nilifikiri. Jibu lilikuwa limekaa tayari mdomoni, kwa sababu ndilo jibu lililokuwa sahihi miezi yote ya kabla ya flashi.

Siku tatu nilikwenda kazini na kurudi. Habari za wizi zilikuwa zimeenea mtaani, na watu walianza kupiga simu. Mlango wa ofisi ya Bi Shamsa ulikuwa wazi, na nikiwa stoo nilimsikia akiwajibu mmoja mmoja. "Hapana mwanangu, usiwe na wasiwasi, mashine imefungwa. Hata wakiipeleka Ulaya hawawezi kuisoma. Nakuapia." Aliapa mbele yangu mara sita. Siku ya tatu aliniita tule pamoja, kama alivyofanya siku za kawaida, sahani moja ya wali wa nazi na mchuzi wa samaki, mimi upande huu na yeye upande ule. Simu ikalia katikati ya chakula. Akanawa kidole kimoja, akapokea, akasikiliza, akasema, "Nakuapia, mama, nakuapia kwa Mungu mmoja." Alipoiweka chini nikamwambia.

Hakuelewa mara moja. Nilimweleza habari ya flashi. Akasukuma sahani kidogo. "Kwa hiyo mtu akiichomeka tu ukutani?"

"Inawaka."

"Na majibu ya watu?"

"Yanafunguka. Kuna paswedi nyingine ya kuingilia, lakini anayeijua kazi haitamzuia."

Aliamka, akaenda kwenye beseni, akanawa mikono kwa sabuni, muda mrefu, mpaka kwenye viwiko. Nilitegemea anifukuze. Nadhani nilitaka anifukuze. Alirudi akakaa, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imechoka tu. "Ungeniambia umechoka, Neema. Kuchoka si dhambi. Ungekuja hapa ukasema, Bi Shamsa, nimechoka na neno lako." Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la mapokezi, lile la karatasi, lenye majina ya kila aliyepita pale. "Lete kalamu. Hawa wote tutawaambia."

Fidelis alipinga. Alikuja ofisini na koti lake jeupe, akasimama. "Aisee Bi Shamsa, samahani. Mwizi wa seva anataka kuuza vyuma Kariakoo. Hana habari na malaria ya mtu. Mkiwapigia watu simu ndiyo mnawatia hofu ya bure, na wengine mtawavunjia nyumba."

"Inawezekana," Bi Shamsa akajibu. "Lakini siri ni zao. Mimi na wewe hatuna haki ya kuzichezea pata potea."

Nani kati yao alikuwa sahihi? Nimelibeba swali hilo mpaka leo. Tulipiga simu wiki tatu, asubuhi mpaka Alasiri, Bi Shamsa kwenye simu ya mezani na mimi kwenye ya mkononi, na kila mara nilipaswa kusema maneno yaleyale. Wengine walicheka. "Mwizi ajue nina minyoo? Ajue tu." Wengine walikata simu. Mzee mmoja alinitukana kwa utaratibu, bila haraka, nikamsikiliza mpaka akamaliza kwa sababu nilijua ana haki.

Mmoja hatukuweza kumpigia. Nitamwita Mama Zai, ambalo si jina lake. Kwenye daftari, mbele ya jina, Bi Shamsa mwenyewe alikuwa ameandika, *asipigiwe simu, mume hupokea*. Alikuwa na duka la vitenge Kariakoo, na ilibidi niende kwa miguu. Bi Shamsa aliniambia niseme "sisi," maabara, wala nisijitaje. Nilimkuta amekaa kwenye stuli, amezungukwa na vitenge mpaka darini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kucheka, akimfungia mteja doti. Nilijifanya nachagua mpaka mteja akaondoka.

"Shikamoo, Mama. Nimetoka maabara ya Mchafukoge."

Hakuitikia. Alisimama, akashika ukingo wa meza, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sitaisahau. "Majibu yangu yalikosewa?" aliuliza. "Yamebadilika?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kilichotokea. Niliona lile tumaini likizimika, halafu nikaona akianza kuelewa kwamba nimekuja kumwongezea jambo jingine juu ya lile la kwanza. Alichukua kitenge kilichokuwa kimeanguka, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kwa hiyo kuna mtu anaweza kujua."

"Anaweza, Mama. Labda hatajua kamwe."

"Labda." Akaniangalia. "Huo ufunguo nani aliuacha?"

"Mimi."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei. Duka la jirani walikuwa wakibishana kuhusu mpira kwa sauti kubwa. "Nilikuwa najipanga," alisema. "Nilikuwa nasubiri mtoto amalize mtihani, ndipo nimwambie baba yake. Nilikuwa nimepanga hadi siku. Sasa nisubiri nini? Nisubiri mwizi anisemee?" Akakirudisha kitenge mahali pake. "Toka dukani kwangu, binti. Taratibu tu. Usikimbie, watu watauliza."

Alimwambia mumewe wiki hiyohiyo. Tulisikia kwa njia ya Bi Shamsa, ambaye alikwenda mwenyewe mara mbili kumwona na mara zote mbili aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye birika lake la kahawa. Mume alihamia kwa ndugu yake Kigamboni. Mtoto alifanya mtihani akiwa kwa shangazi. Na mwezi mmoja baadaye askari walituita kuangalia boksi la seva lililopatikana kwenye duka la vipuri Kariakoo. Lilikuwa lenyewe, na alama yangu ya kalamu ya rangi ubavuni. Ndani lilikuwa tupu. Utepe mweusi ulikuwa bado umegandia nyuma, umebanduliwa upande mmoja, na flashi haikuwepo. Diski hazikupatikana kamwe. Hakuna siri hata moja ya mtu yeyote iliyowahi kusikika mtaani. Labda ziliuzwa, zikafutwa, zikajazwa muziki. Labda Fidelis alikuwa sahihi na mwanamke yule aliachwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea. Naandika haya nikiwa na mvi, na bado nakasirika nikifika hapa, nakasirika kama nilivyokasirika mbele ya kioo cheusi, na sijui nimkasirikie nani zaidi ya msichana aliyechoka.

Bi Shamsa alinunua mashine nyingine. Safari hii nilisoma maelekezo tangu salamu na historia, na humo nikakuta jambo ambalo lilinifanya niinamishe kichwa juu ya meza. Diski moja inaweza kuwa na maneno ya siri kadhaa. Kila mtu anaweza kupewa lake, na likifika wakati wa kumwondoa, unalifuta lake tu, mengine yanabaki. Ningeweza kumwambia Bi Shamsa tangu mwanzo kwamba Fidelis apewe neno lake, na siku asipomwamini tulifute kwa dakika moja. Angekubali. Nilipomwambia sasa, alikubali kabla sijamaliza. Nikaandika diski kwa namba zake, nikapanga neno moja la kuandikwa na mtu, na funguo za diski nyingine ndani ya hiyo ya kwanza, na nikachomoa waya ukutani mara kumi na mbili, mbele ya Bi Shamsa na Fidelis, na mara zote kumi na mbili iliwaka, ikangoja mtu, ikafunguka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna aliyepiga makofi, nami sikununua mandazi.

Mwishoni mwa mwaka, asubuhi moja yenye mvua, nilikuwa nimekaa mapokezi kwa sababu karani alikuwa mgonjwa. Mama Zai alipanda ngazi. Alikuwa amepungua, na nyuma yake alikuwepo mwanaume mrefu mwenye kofia, anayetazama kila kitu isipokuwa watu. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba. Mume wangu amekuja kupima."

Nikavuta kibodi. Sikujua walivyorudiana, wala kama walikuwa wamerudiana au ni siku hiyo tu, na hadi leo sijui. Nikaweka vidole tayari nimuulize jina.

Mama Zai alinyoosha mkono juu ya meza, akaweka kiganja chake juu ya kibodi, vidole vyangu vikiwa chini yake. "Humu hapana," alisema kwa sauti ya chini. "Andika kwenye karatasi. Majibu yakitoka utanipa karatasi hiyohiyo mkononi, na hapa kwenu msibaki na kitu."

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumweleza kuhusu namba zisizobadilika, na neno la kila mtu, na waya nilioung'oa ukutani mara kumi na mbili. Mumewe alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. Nikasogeza kibodi pembeni, nikachukua karatasi, nikamwomba Mama Zai kalamu kwa sababu yangu ilikuwa haiandiki, naye akafungua mkoba akanipa ya kwake.